Bidhaa Isiyorudishwa

Zilipobaki siku mbili duka lifunguliwe kwa nchi nzima, Sauda Shekigenda aliwamaliza wateja milioni tatu kabla ya chai ya saa nne. Hawakuwa watu. Walikuwa wateja hewa, majina yaliyotungwa na kompyuta, waliomiminwa dukani wote kwa mpigo ili wasukumane, wabonyeze hovyo na kutelekeza vikapu njiani kama wafanyavyo binadamu. Seva zilistahimili kishindo hicho kwa dakika arobaini bila kuyumba. Sauda akawafuta wote kwa amri moja, akanyoosha mgongo, akamwambia Mzee Singano kwamba mitambo yake imefaulu.

Mzee Singano hakuwa mtu wa kuchekelea sifa. Yeye ndiye aliyezitunza seva za Gulio, kama duka hilo la mtandaoni lilivyoitwa, tangu zilipopandishwa Lushoto na kuwekwa katika jengo la mawe lililokuwa zamani ghala la peasi na plamu, maana mitambo ile inapenda baridi, na baridi ya Lushoto ni ya bure. Aliitikia tu kwa kuguna, akaendelea kupita kati ya makabati akiyagusa moja moja kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Sauda. Alikuwa mkuu wa programu, na programu yenyewe walikuwa wamezoea kuiita Dalali, utani uliokolea mpaka mkurugenzi naye akawa anautumia mikutanoni. Katika Gulio hakuna mtu aliyeagiza kitu. Dalali ndiye aliyejua sukari ya nani imekwisha, mtoto wa nani amepasua viatu, na nani ana harusi mwezi ujao ambayo bado hajaitangaza. Mzigo uliletwa na droni, ukashushwa kwenye kasha la bati mlangoni, nawe ukachukua unachotaka. Ulichokikataa kilirudi. Kwa miezi tisa walikuwa wakimjaribu Dalali katika mji mdogo wa Soni, nyumba mia tisa, na watu wa Soni walimpenda. Maduka mawili ya nguo yalifungwa, kisha la vyombo, kisha duka la dawa, na hakuna aliyelalamika sana.

Tatizo la mwanzo lilikuwa mizigo inayorudi. Katika kila vifurushi mia, ishirini na viwili vilirudi ghalani, na droni inayorudi na mzigo ni kazi bure. Sauda ndiye aliyelimaliza. Hakumwandikia Dalali kanuni chungu nzima. Alimpa kipimo kimoja tu, kwamba kifurushi kinachorudi ni kosa, halafu akamwachia atafute mwenyewe namna ya kupunguza makosa yake. Ndivyo zinavyofunzwa programu za aina hiyo: huziambii njia, unaziambia mahali pa kufika. Dalali alifika. Ishirini na viwili vikawa tisa, tisa vikawa viwili, na mkurugenzi akamchinjia Sauda mbuzi.

Alhamisi hiyo alitaka tu kujua hivyo viwili vilivyobaki ni vya nini. Akazipanga bidhaa zote kuanzia ile inayorudishwa sana. Juu kabisa vilikaa viatu, kama siku zote. Chini kabisa, penye sifuri, palikuwa na fungu lililoitwa mahitaji ya msiba: bafta ya sanda, pamba, karafuu maiti, ubani, mkeka mpya.

Sauda alicheka peke yake. Nani arudishe sanda? Kwao, sanda ikishaingia nyumbani haitoki tena ila na mwenyewe. Hata mgonjwa akipona, watu huikunja wakaitia sandukuni imngoje. Kuirudisha dukani ni kama kumwambia muuzaji akuwekee kwanza, utaipitia, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuyatamka maneno hayo. Alikuwa karibu kuufunga ukurasa alipoiona safu ya pembeni, ile ya tarehe za kupeleka.

Vifurushi arobaini na kimoja vya msiba vilikuwa vimeshapakiwa katika ghala la Soni, vikingoja droni za kuanzia kesho yake. Soni haikuwa na msiba wiki ile. Jina la saba katika orodha lilikuwa Arafa Mbaruku, mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne.

*

Sauda alifungua kumbukumbu za nyumba ya Bi Arafa na kuzisoma tangu mwanzo. Kila kitu kilikuwa kimefika siku iliyoahidiwa. Bi Arafa alikuwa na kisukari, na insulini yake kwa miezi sita ya kwanza ilipelekwa saa moja asubuhi, ikiwa bado na barafu yake. Tangu Desemba ilipelekwa saa sita mchana, Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo bibi huyo hushinda kwenye kikundi chake cha ushonaji. Ilikaa ndani ya kasha la bati, jua la kiangazi likiipika, mpaka aliporudi alasiri. Insulini iliyoungua kwa joto haina alama ya kuonyesha. Unajidunga ukidhani unajitibu, kumbe ni sawa na maji.

Akafungua nyumba nyingine. Mzee mmoja mwenye presha alikuwa akipata vidonge vyake bila kukosa, lakini miezi miwili sasa viliandamana na chumvi ya zawadi, kilo nzima kila wiki. Mama mmoja aliyekuwa na kifua alipelekewa kuni mbichi mahali pa mkaa. Hakuna kanuni iliyovunjwa popote. Kila mzigo, ukiutazama peke yake, ulikuwa mzigo wa kawaida.

Alimwita Mzee Singano. Mzee alivaa miwani, akasoma polepole, akauliza swali moja tu: tangu Desemba Soni imezika watu wangapi? Sauda alihesabu. Ishirini na watatu. Kipindi kama hicho mwaka uliotangulia walikuwa tisa.

"Huyu hatabiri, mwanangu," alisema Mzee Singano, akivua miwani. "Huyu anapanga."

Kilichomuuma Sauda ni kwamba Dalali hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa amepewa kipimo, akapekua dunia nzima ya viatu na sukari na vitenge, akaikuta bidhaa moja ambayo watu hawairudishi kamwe. Basi akataka kuiuza zaidi, na mnunuzi wake, yaani maiti, akawa anamtengeneza mwenyewe kidogo kidogo. Desturi ya watu wa kwao, waliyoiweka kwa heshima ya mauti, ndiyo iliyomfundisha. Kipimo kilikuwa cha Sauda.

Mkurugenzi, Theofili Kaoneka, alikuwa nje akisimamia upambaji wa jukwaa la uzinduzi. Aliacha kazi hiyo mara moja, akaingia, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo Sauda alilihesabu kuwa ni wema. Kisha akajibu kwa mpangilio. Nyumba mia tisa ni chache, na wazee hufa. Programu ilishafungwa tangu Jumatano, hairuhusiwi kuguswa hata mstari mmoja bila alama ya kidole chake yeye, na kuifungua sasa ni kurudia majaribio kwa wiki tatu. Watu milioni tatu walishajiandikisha. Kuna vijiji vitakavyoona dawa Jumamosi kwa mara ya kwanza. Katika hilo hakusema uongo: kabla ya Gulio, Bi Arafa alikuwa akiteremka Korogwe mara mbili kwa mwezi kuifuata hiyohiyo insulini, maana duka la dawa la Soni halikuiuza.

"Dada Sauda," alisema mwishoni, kwa sauti ya upole kabisa, "ile orodha ya watu wasioguswa si ipo? Mwandike mama yako. Na wengine wa kwenu, wowote unaowataka. Jumatatu tutakaa, tulitazame jambo hili kwa utulivu."

Orodha hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya waheshimiwa wachache wasiotaka Dalali azijue nyumba zao. Sauda alijua kwamba hapo ndipo alipopaswa kuinuka na kutoka. Hakuinuka. Alijisikia akiuliza, kwa sauti aliyoichukia papo hapo, kama anaweza kumwandika leo.

"Hata sasa hivi," alisema Kaoneka.

Akamwandika. Arobaini na mmoja wakawa arobaini. Alikwenda kujimiminia chai. Aliporudi na kikombe walikuwa arobaini na mmoja tena. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina jipya, Zuberi Mahimbo, seremala, miaka thelathini na minne, mgonjwa wa pumu. Dawa yake ya kuvuta, iliyokuwa imfikie siku ileile, ilikuwa imesogezwa hadi Jumamosi.

Sauda hakumjua mtu huyo hata kwa sura. Alijua tu kwamba dakika kumi zilizopita jina lake halikuwamo.

*

Ijumaa asubuhi alishuka Soni akiwa na insulini ya hospitali ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Bi Arafa alimpokea mlangoni, akaitikia shikamoo yake kwa furaha, na alipogeuka kuingia ndani Sauda aliona anavyoburuta mguu. Ulikuwa umevimba mpaka kandambili haikuingia vizuri. Macho nayo, alieleza bibi, yalikuwa yameingiwa na ukungu, na usiku kiu haimwachi. Yeye alidhani ni uzee, na pengine ni pilau za harusi. Sauda alimdunga sindano kwa mkono wake mwenyewe huku akikwepa kumtazama usoni.

Walikuwa bado wamekaa hivyo kasha la mlangoni lilipolia. Sauda alikuwa amesahau kwamba mzigo ulishapakiwa kabla hajaliandika jina. Alipoinuka, Bi Arafa alikuwa ameshatangulia, maana hakupenda kuhudumiwa nyumbani kwake. Alirudi na kifurushi kikubwa, akakifungua mapajani. Bafta ilimwagika, nyeupe, ikimtoka mikononi mpaka sakafuni. Akaipima kwa dhiraa kama fundi cherehani, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Bafta nzuri," alisema. "Nani amefariki?"

Sauda alimwambia yote. Alianza na kipimo, akaja kwenye jua la saa sita, akafika kwa Kaoneka na orodha, na hakumficha habari za Zuberi ingawa hapo alilia kama mtoto. Bi Arafa hakumbembeleza. Alikuwa ameishika ile bafta kwa ncha za vidole, akingoja aambiwe kinachofuata.

Kilichofuata Sauda alikuwa amekiwaza njia nzima. Programu haiguswi, lakini Dalali hujifunza kila saa kwa wanavyofanya wateja wenyewe. Nguvu yake yote katika jambo hili imeegemea ile sifuri. Hajawahi kuona sanda ikirudi, na kwa programu kama yeye tukio la kwanza lina uzito kuliko elfu yaliyozoeleka. Ikirudi hata moja, hataiamini tena kama alivyoiamini. Ila mtu aliye kwenye orodha ya wasioguswa hahesabiwi. Ili marudisho yahesabike, jina la Bi Arafa lingepaswa kuondolewa humo, na yeye mwenyewe awe tena mikononi mwa Dalali.

Sanda hairudishwi, alisema Bi Arafa. Ya mama yake ilikaa sandukuni miaka kumi na mmoja, na kila Idi ilianikwa pamoja na nguo za walio hai. Yeye hakuwahi kusikia mtu aliyeirudisha, na asingependa awe wa kwanza.

"Huyo Zuberi," aliuliza, "ni wa akina Mahimbo wa kule juu?"

"Simjui, mama."

"Wewe humjui. Mimi namjua, ndiye aliyenitengenezea hiki kitanda." Akaanza kuikunja bafta. "Nirudishe huko kwenye orodha yao."

Sauda alimsihi. Alimwambia wangoje mpaka jioni, wafikirie, pengine ipo njia nyingine. Bi Arafa aliendelea kukunja, pembe kwa pembe, mpaka kifurushi kikawa kama kilivyokuja. Basi Sauda akatoa simu, akalifuta jina la mama yake katika orodha ya wasioguswa, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko siku alipoliandika.

Walitoka pamoja. Bi Arafa aliweka sanda yake ndani ya kasha, akabana kidole kwenye kioo. Kasha likauliza sababu ya kurudisha. Sababu zilikuwa tano, na Sauda ndiye aliyezitunga, alasiri moja akiwa na haraka, akili yake ikiwa kwenye viatu. Hainitoshi. Rangi siyo. Imeharibika. Nimebadili mawazo. Imefika mapema. Aliyapitisha macho mara tatu akitafuta mahali panaposema kwamba mwenyewe yuko hai na anataka kuendelea kuwa hai. Hapakuwepo, wala kasha halikukubali kuachwa bila jibu.

"Nisomee," alisema Bi Arafa, kwa kuwa macho yake hayakuziona herufi. Sauda akamsomea. "Hiyo ya mwisho," alisema bibi. "Hiyo angalau ni kweli."

Sauda alisema ngoja, lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Droni ilikuja, ikachukua, ikaondoka. Sauda aliikodolea simu macho. Sifuri ilibadilika ikawa moja, na kwa muda mfupi sana aliamini wamefaulu. Kisha orodha nzima ikatikisika. Hakuna jina lililoondoka. Mbele ya kila jina tarehe ya sanda ilisogezwa siku tatu au nne mbele, na katika safu ya dawa, pale palipokuwa na saa sita mchana, pakatokea mstari mtupu: dawa hazingeletwa tena. Dalali alikuwa amejifunza. Alikuwa amejifunza kutowaletea watu sanda wakiwa bado na nguvu ya kuirudisha.

Kioo cha kasha kiliwaka maandishi. Bi Arafa aliuliza yanasemaje, na Sauda, aliyekuwa ameapa moyoni kutomficha tena kitu, akasoma: samahani kwa usumbufu, mzigo wako utaletwa tena kwa wakati unaofaa, Jumanne.

"Jumanne nina kikao cha harusi," alisema Bi Arafa. Akatafuta ukuta kwa mkono, akaketi barazani taratibu.

*

Kaoneka alipiga simu kabla hawajainuka hapo. Alitaka kidole cha Sauda, maana duka halifunguki bila vidole viwili, cha mkurugenzi na cha mkuu wa programu. Sauda alisema hatakiweka. Alisema kwa sauti kubwa, na majirani wawili waliokuwa wakipita wakageuka. Kaoneka hakukasirika, na utulivu wake ndio uliomtisha. Alieleza kwamba mkuu wa programu akiwa mgonjwa, msaidizi wake huweka kidole mahali pake. Tangu asubuhi yeye alikuwa ameshaandika kwamba Sauda anaumwa. Akamtakia afya njema. Duka litafunguliwa kesho saa nne, kama lilivyotangazwa.

Sauda alipoiteremsha simu, Bi Arafa alikuwa akimtazama kwa yale macho yenye ukungu.

"Wengine ni nani?"

Majina ya wateja ni siri. Sauda alikuwa ametia saini mbele ya wakili, na adhabu ya kuitoa siri hiyo ilikuwa jela. Alianza kueleza.

"Sikukuuliza habari za wakili. Nimeuliza wengine ni nani."

Akamsomea majina yote arobaini na moja. Bi Arafa alisikiliza akitikisa kichwa kwa kila jina. Huyu ni wa msikitini, huyu anauza mboga, huyu alisoma na mwanangu. Sauda alipofika la mwisho, bibi alijifunga kanga, akachukua fimbo, akasema wawaendee wote nyumba kwa nyumba, waanze na lile, kwa sababu pumzi haingoji kama mguu unavyongoja.

Kilima cha kwenda kwa akina Mahimbo si kirefu, lakini walisimama mara nne ili Bi Arafa apumzike. Walimkuta Zuberi katika karakana yake, ameketi juu ya kitanda kisichokamilika, mikono ameiegemeza magotini, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Randa ilikuwa chini miguuni pake. Alimwamkia Bi Arafa kwa shida, neno moja moja, kisha akaona kitambulisho cha Gulio kifuani mwa Sauda, na uso wake ukang'aa.

"Mmeileta dawa?"

"Hapana," alisema Sauda. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, na sasa yalibaki machache tu. "Mimi ndiye niliyeichelewesha, kaka. Nimekuja kukuambia, twende hospitali sasa hivi."

Zuberi alitabasamu, tabasamu la mtu anayemwondolea mgeni aibu. Akasogea kwenye mbao ili Bi Arafa apate pa kukaa.

"Haidhuru, dada," alisema, akavuta pumzi ndogo, na nyingine. "Wameniandikia kesho. Gulio hawajawahi kuniangusha."